Mashine ya Mazoezi Sebuleni: Ni Afya au Ni Kamba ya Nguo?

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam, ambaye jina lake na mtaa wake nitavihifadhi. Mumewe ni mfanyakazi wa kiwandani, mwenye umri wa miaka 46. Hivi karibuni alipimwa akakutwa na shinikizo kubwa la damu. Daktari alimpa dawa, akamwagiza apunguze chumvi, na akamwambia kwa msisitizo kwamba hana budi kufanya mazoezi. Bwana huyo alirudi nyumbani akiwa amekwisha kata shauri. Atakopa shilingi milioni moja na nusu katika chama cha kuweka na kukopa cha kazini kwake, anunue mashine ya kukimbilia iliyokwisha tumika, aiweke sebuleni.

Mama huyo anaeleza kwamba mkopo huo ndio uliokuwa umekusudiwa kumlipia binti yao ada ya chuo cha ufundi ifikapo Januari. Akikataa, anachelea kuonekana mke asiyemtakia mumewe uhai. Akikubali, binti atabaki nyumbani. Ananiuliza afanye nini.

Barua hiyo ilinikaa moyoni, kwa sababu swali lake si la nyumba moja tu. Siku hizi ukipita madukani Kariakoo, au ukatazama matangazo yanayopita katika simu yako, utaona mashine za kila namna: za kukimbilia, baiskeli zisizokwenda popote, za kupiga makasia, na vyuma vinavyojibadilisha uzito kwa kuzungusha kitufe. Kila moja inaahidi kiuno chembamba na moyo wenye nguvu. Kabla ya kumjibu mama yetu, yafaa tujue vyombo hivi vilitoka wapi, vimebadilika namna gani, na biashara yake inakwendaje huko vinakotengenezwa. Mwenye kujua hayo hadanganywi kwa urahisi.

Kutoka gerezani hadi sebuleni

Huenda utashangaa, msomaji, kusikia kwamba babu wa mashine ya kukimbilia alikuwa chombo cha adhabu. Mwaka 1818 mhandisi wa Kiingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, ambalo wafungwa walilipanda saa kwa saa kama watu wapandao ngazi isiyokuwa na mwisho. Katika baadhi ya magereza gurudumu hilo lilisaga nafaka au kuvuta maji. Katika mengine halikusaga kitu chochote. Lilizunguka bure, ili mfungwa achoke tu. Leo watu hulipa fedha nyingi kwa kazi ile ile.

Katika karne hiyo hiyo ya 19, daktari mmoja wa Uswidi aitwaye Gustav Zander alikuwa na mawazo tofauti. Yeye alitengeneza mashine za mbao na vyuma, za kuimarisha viungo vya wagonjwa na vya makarani waliokuwa wakikaa vitini kutwa. Alifungua taasisi yake Stockholm mwaka 1865, na mwaka 1876 mashine zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani. Basi hata wakati huo ilikwisha julikana kwamba kazi ya kukaa huudhoofisha mwili.

Mashine ya kukimbilia tunayoifahamu leo ilipitia hospitalini kwanza. Mwaka 1952 Robert Bruce na Wayne Quinton wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitengeneza moja ya kuupima moyo wa mgonjwa wakati anapotembea. Ilipofika mwaka 1968, daktari Kenneth Cooper alichapisha kitabu chake juu ya mazoezi ya moyo na mapafu, na mhandisi William Staub alipokisoma akaona kwamba watu wa kawaida nao wahitaji chombo rahisi cha kukimbilia nyumbani, wakati wa baridi na mvua. Mashine yake ni miongoni mwa zile zilizouingiza mkanda huo wa kuzunguka katika nyumba za watu.

Zingatia jambo moja hapo. Staub alikuwa akiwafikiria watu ambao kwa miezi kadhaa kila mwaka huzuiwa na theluji wasiweze kutoka nje. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna jua na mvua, tuna vumbi na magari, lakini theluji hatuna.

Ukinzani: siri ya mashine zote

Mashine nyingi za mazoezi, ziwe za bei kubwa au ndogo, hufanya kazi moja: hukuwekea ukinzani, yaani kitu cha kupingana na misuli yako. Kilichobadilika ni namna ukinzani huo unavyopatikana.

Baiskeli za mazoezi za zamani zilikuwa na kipande cha ngozi au sufi kilichobanwa juu ya gurudumu, kama breki. Kilipiga kelele na kulika upesi. Baadaye ukaja upepo. Mwaka 1981 ndugu wawili wa Vermont, Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa wakitengeneza makasia, waliuza mashine ya kupiga makasia ambayo gurudumu lake lina mapanga yanayokata hewa. Ukivuta kwa nguvu zaidi, hewa nayo hupinga zaidi. Mashine inamfuata mtu mwenyewe. Mashine za ukoo huo zingali zinauzwa hadi leo, kwa kuwa ni imara, na vipuri vyake hupatikana.

Kisha ikaja sumaku. Sumaku zikisogezwa karibu na gurudumu la chuma linalozunguka, hulipunguza mwendo bila kuligusa. Hakuna msuguano, hakuna kelele, wala hakuna kinacholika. Hivi karibuni zaidi zimetokea mashine za kutundika ukutani ambazo hazina uzito wa chuma hata kidogo. Mota ya umeme huvuta kamba, na mtu huchagua uzito kwa kugusa kioo. Na kwa wale waishio katika nyumba finyu zimebuniwa mashine nyembamba za kutembelea, zisizo na mikono, ambazo husukumwa chini ya kitanda baada ya kazi.

Mabadiliko hayo yote ni mema. Lakini miaka kumi na kitu iliyopita liliongezwa jambo jingine ambalo si la uhandisi bali ni la biashara, nalo ndilo lililoigeuza sura ya soko zima.

Unaponunua mashine usiyoimiliki

Mwaka 2012 ilianzishwa huko New York kampuni iitwayo Peloton. Ilitengeneza baiskeli yenye kioo kama televisheni, ambamo mwalimu hukuongoza na kukuhimiza kana kwamba yuko mbele yako. Baiskeli iliuzwa kwa zaidi ya dola 2,000, kisha mnunuzi akatozwa ada ya kila mwezi ili ayapate masomo hayo. Ada hiyo ilikuwa dola 39. Mwaka 2022 ikapanda kufikia dola 44. Yaani chombo kikawa kama mlango, na ada ndiyo ufunguo.

Lilipotokea janga la UVIKO-19 mwaka 2020, kumbi za mazoezi zikafungwa katika nchi nyingi. Watu wakakimbilia mashine za nyumbani. Hata vyuma vya mkononi vya kawaida viliadimika madukani Ulaya na Marekani. Hisa moja ya Peloton, iliyouzwa dola 29 kampuni ilipoingia sokoni Septemba 2019, ilivuka dola 160 mwezi Januari 2021. Wenye kampuni wakaamini kwamba dunia imebadilika moja kwa moja.

Dunia haikubadilika kiasi hicho. Kumbi zilipofunguliwa watu walirudi kwa wenzao. Februari 2022 Peloton ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi wapatao 2,800, na mwisho wa mwaka huo hisa yake ilikuwa chini ya dola 10. Kampuni ya nguo za michezo iitwayo Lululemon, iliyokuwa imenunua biashara ya vioo vya mazoezi kwa dola milioni 500 mwaka 2020, iliacha kuviuza mwaka 2023. Mwezi Machi 2024 kampuni ya BowFlex, jina kongwe katika kazi hii, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikauzwa kwa kampuni ya Taiwan.

Kwa nini nayasimulia haya katika ukurasa wa jamii? Kwa sababu mashine iliyonunuliwa kwa pupa huko huweza kutupwa kwa pupa, na sehemu yake hufika huku kwetu kama mtumba. Nayo haiji na mwalimu wake. Mwenye kununua baiskeli ya namna hiyo bila kulipa ada amenunua gurudumu, kanyagio na kioo kisichokuwa na mengi ya kusema.

Watoto nyumbani

Liko jambo zito kuliko fedha. Tarehe 5 Mei 2021, Peloton ilitangaza kuzirudisha mashine zake kubwa za kukimbilia zipatazo 125,000. Mtoto wa miaka sita alikuwa amefariki baada ya kuvutwa chini ya mashine hiyo kwa nyuma. Zilikuwapo taarifa 72 za watu, wanyama au vitu kuvutwa, na kati yake 29 zilikuwa za watoto waliojeruhiwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilikuwa imetoa onyo, na kampuni ilibisha. Baadaye mkuu wake alikiri kwamba walikosea, na mwaka 2023 kampuni ikakubali kulipa faini ya zaidi ya dola milioni 19. Mashine hiyo iliporudi sokoni ilikuwa imewekewa kizuizi nyuma.

Mwezi Juni 2025 pia, vyuma vya mkononi vya BowFlex vya kubadilisha uzito, vipatavyo milioni 3.8, viliondolewa sokoni kwa kuwa vipande vyake viliweza kuchomoka mtu anapovinyanyua. Watu zaidi ya 100 waliripotiwa kuumia.

Huko, mnunuzi hutangaziwa katika magazeti na kurudishiwa fedha zake au kupewa kifaa kingine. Mtumba uliovuka bahari haufuatwi na tangazo hilo. Kwa hiyo, msomaji, ukinunua mashine iliyotumika, andika jina na namba yake ya toleo, kisha umwombe kijana mwenye ujuzi wa intaneti atazame kama haikupata kurudishwa. Kazi hiyo ni ya dakika tano tu.

Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana mhubiri asiye na dhambi, nitakiri yangu. Miaka michache iliyopita, baada ya nguo zangu kuanza kunibana, nilinunua mashine ya kukimbilia iliyotoka Marekani. Muuzaji aliniambia ni nzima, naye hakusema uongo. Niliifikisha nyumbani kwa mkokoteni, majirani wakaja kutazama, watoto wakapiga makofi. Nikaichomeka ukutani. Ukatoka mlio mmoja mfupi, kisha harufu ya kuungua, kisha kimya.

Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120. Wetu ni wa volti 230. Kibao cha ndani kiliungua katika nukta moja, na fundi aliponitajia bei ya kibao kingine, niliona heri ninyamaze. Kwa miezi mitano mashine ile ilikuwa kamba ya kuanikia nguo za watoto wakati wa masika. Hatimaye niliiuza kama chuma chakavu. Somo hilo nililipia; wewe nakupa bure. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujatoa fedha.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

Kwanza, umeme. Mota ya nguvu ya farasi wawili, ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, hula wati zipatazo 1,500, sawa na pasi kubwa. Kila saa ya kukimbia yaweza kugharimu uniti moja na nusu, na umeme ukikatika unasimama. Mashine za upepo na baiskeli nyingi za sumaku hazihitaji mota.

Pili, nafasi. Mashine ya kukimbilia yataka uwazi nyuma yake, mita mbili hivi, ili mtu akiteleza asibanwe na ukuta. Je, sebule yako inao uwazi huo baada ya makochi na meza?

Tatu, watoto. Kama wapo wadogo, ufunguo wa usalama uchomolewe na kufichwa kila baada ya mazoezi, na waya uondolewe ukutani. Usiseme kwamba mtoto wako ni msikivu.

Nne, vipuri. Muulize muuzaji mkanda ukikatika utapatikana wapi. Akitazama juu, ondoka.

Tano, nalo ndilo kubwa: je, umekwisha kuwa na mazoea? Mashine haileti mazoea. Hupokea mazoea uliyo nayo. Asiyetembea dakika 20 njiani, penye watu wa kusalimiana nao, hatatembea dakika 20 akitazamana na ukuta.

Vyuma vya saruji na mchakamchaka

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwongozo haukusema kwamba lazima pawe na mkanda wala kioo.

Vijana wa mitaani kwetu walilijua hilo zamani. Hujaona vyuma vyao? Kopo mbili za rangi, zege ndani, bomba katikati. Kopo la lita nne likijazwa zege huwa na uzito wa kilo tisa na nusu hivi. Chupa ya lita moja na nusu ikijazwa maji ni kilo moja na nusu kamili, na ndoo ya lita kumi ni kilo kumi. Hiyo nayo ni seti ya kubadilisha uzito, na haina kitufe cha kuharibika. Kamba ya kuruka huuzwa kwa bei ndogo. Ngazi ya ghorofa haina bei.

Na wale waliosoma shule zetu za msingi wanaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri, mistari miwili, nyimbo, na vumbi likipanda nyuma yetu. Hakuna aliyetudai ada ya mwezi. Leo vikundi vya mbio za pole vimerudi kwa wingi katika miji yetu, na asubuhi za mwisho wa wiki utavikuta barabarani, wazee na vijana pamoja. Kinachomfanya mtu aamke si chombo, ni wenzake wanaomngoja kwenye kona.

Sisemi kwamba mashine ni ovu. Yuko mfanyakazi wa zamu anayerudi usiku wa manane. Yuko mama asiyeweza kutoka alfajiri kwa kuhofia usalama wake njiani. Yuko aliyeumia goti, ambaye baiskeli isiyokwenda popote humfaa kuliko lami. Kwa watu hao chombo kilichochaguliwa vyema ni rafiki wa kweli. Ninachosema ni kwamba chombo kije mwishoni, baada ya mazoea kukomaa na baada ya ada ya mtoto kulipwa.

Jibu langu kwa mama

Dada yangu, usimkatalie mumeo, wala usikubali mkopo. Mwambie kesho asubuhi mtatoka pamoja. Kwanza arudi kwa daktari aulize aanze kwa kiasi gani, kwa kuwa mwenye shinikizo la damu hapaswi kuanza kwa kishindo. Asiache dawa hata siku moja kwa sababu ameanza kutembea. Aanze na dakika kumi, mwendo ambao anaweza kuzungumza bila kuhema sana, na aongeze kidogo kidogo hadi nusu saa. Akinyanyua kitu kizito asizuie pumzi. Akisikia maumivu kifuani, kizunguzungu, au pumzi kukata, asimame mara moja na aende hospitali.

Mwekeeni karatasi ukutani, na kila siku aliyotembea itiwe alama. Baada ya siku sitini mtazame karatasi hiyo pamoja. Ikiwa imejaa, mtakuwa na jambo la kuzungumza juu ya mashine, na huenda atakuwa haitaki tena. Ikiwa tupu, basi mtakuwa mmeokoa milioni moja na nusu, na binti atakuwa chuoni.

Jambo la mwisho. Katika barua yako ya kurasa tatu umeeleza afya ya mumeo, masomo ya binti, na hata homa ya mtoto mdogo. Habari zako mwenyewe hukuziandika, ila mstari mmoja kwamba siku hizi kichwa kinakuuma jioni na unadhani ni uchovu. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, na kichwa kuuma kwaweza kuwa uchovu kweli. Lakini siku mumeo atakaporudi kwa daktari, nenda naye, nawe unyooshe mkono upimwe. Kisha niandikie.